Mwaka wa Mahindi ya Madoadoa

Mwezi uliopita tulikutana tena, sisi tuliosoma pamoja zamani, katika mkahawa mmoja wa Westlands wenye viti vya ngozi na muziki wa chinichini. Tumezeeka kila mtu kwa namna yake. Kuna aliyenenepa, kuna aliyekauka, na kuna aliyekuja na fimbo akaificha chini ya meza. Tulikula nyama, tukaonyeshana picha za wajukuu kwenye simu, na ilipofika zamu ya kuwakumbuka walimu, Karanja, ambaye siku hizi ana shamba la maua, akagonga meza na kusema, "Na yule mama wa mahindi ya madoadoa! Aliitwa nani vile?" Wakacheka. Mmoja akasema alizoea kuongea peke yake shambani. Mwingine akasema, "Si ni yeye alikuwa akisema ati jeni zinaruka kama panzi?" Wakataja jina moja, wakalikataa, wakataja jingine. Kisha sinia la pili likaletwa na mazungumzo yakahamia kwenye siasa. Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu muda wote huo, ila sikutaka kulitoa likae juu ya meza ile, kati ya mifupa na kachumbari. Nilirudi nyumbani mapema, nikavua viatu, nikaketi jikoni bila kuwasha redio.

Aliitwa Daktari Nyokabi. Nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu, na ndio mwaka ninaoukumbuka vizuri kuliko mingine yote niliyoishi, pamoja na ile ya kuolewa na kuzaa. Habari za kwetu na za wazazi wangu nitaziacha, kwa sababu mwaka huo ulikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, nikapata nafasi ya kusoma uzamili, na nikapanga chumba mtaa wa Jamhuri, Nairobi, katika nyumba ya Mama Kioko. Chumba chenyewe kilikuwa kipande cha sebule kilichokatwa kwa mbao nyembamba. Kitanda kiligusa ukuta upande mmoja na meza upande wa pili, hata nikitaka kufungua droo ilinibidi niketi kitandani. Kupitia zile mbao nilisikia kila kitu: kijiko kikizunguka kikombeni, Baba Kioko akivua viatu vyake vya ofisini na kushusha pumzi, maombi yao kabla ya kula. Walikuwa watu wema, Wakamba wenzangu, waumini wa kweli. Kila Jumapili baada ya kanisa Mama Kioko alinipakulia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, yakachemshwa na maharagwe mpaka yakalainika kabisa, kisha akanibebea sahani mpaka mlangoni kwangu. Nililia mezani kwangu, nao sebuleni kwao, na mbao zile katikati yetu... Nimeandika "nililia". Nilitaka kuandika "nilikula". Basi na libaki lilivyo, maana mara nyingine yote mawili yalikuwa kweli.

Jioni moja nilimsikia Baba Kioko akiuliza, "Huyu msichana anasomea nini hasa?"

"Mahindi," Mama Kioko akajibu.

"Mahindi? Si angebaki Machakos akalime?"

"Nasikia si mahindi ya kula."

"Sasa ni ya nini?"

Kijiko kikazunguka. "Ya kuangalia," akasema Mama Kioko.

Sikukasirika, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Chuoni walimu wengi walisema jambo lilo hilo kwa maneno makubwa zaidi. Kilikuwa kipindi cha ukame, na kila mwenye akili katika idara yetu alitafuta mahindi yanayostahimili jua au yanayoshinda funza. Chumba cha chai kilijaa mazungumzo ya magunia na mavuno. Daktari Nyokabi alikuwa akiingia, akijimiminia chai ya rangi na kutoka bila kuketi. Akishatoka tu, mtu angesema, "Njaa iko Kitui, yeye anaangalia madoa." Mimi nilipangiwa awe msimamizi wangu kwa sababu wanafunzi wengine wote walikuwa wameshachaguliwa na walimu wao. Nadhani hata yeye alilijua hilo. Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake hakuniuliza alama zangu wala ndoto zangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, anayekaribia miaka hamsini, mwenye nywele fupi zilizoanza kuwa na mvi juu ya masikio. Alifungua kabati akatoa hindi moja kavu na kuliweka mbele yangu. Punje zake zilikuwa na rangi ya maziwa, na kila punje ilitapakaa madoa ya zambarau, mengine madogo kama ncha ya sindano, mengine yamefunika nusu ya punje, kama manyoya ya kanga.

"Unaona nini?"

"Madoa, Daktari."

"Hapana. Unaona kitu kikiondoka."

Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake. Ndani ya kila punje, alisema, mna jeni inayotoa rangi ya zambarau. Lakini mahindi yana vipande vingine vya urithi ambavyo havikai mahali pamoja. Kipande kama hicho kikihama na kujipenyeza katikati ya jeni ya rangi, jeni ile huharibika, na punje hutoka nyeupe. Ila mgeni huyo hatulii. Punje ikiwa bado inakua, katika seli moja tu huondoka alipojipachika, na seli ile, pamoja na zote zitakazozaliwa kutoka kwake, hurudiwa na rangi. Akiondoka mapema, doa huwa kubwa. Akichelewa, huwa dogo. Niliinua lile hindi nikaligeuzageuza dirishani, na mara nikaona kwamba kila doa lilikuwa tukio, tena lenye wakati wake, na kwamba yote yalikuwa yametokea ndani ya ganda bila mtu kuona.

"Na kikiondoka," nikauliza, "kinaenda wapi?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Hilo," akasema, "ndilo swali lako la mwaka huu."

Tulipanda mvua za masika zilipoanza, katika kipande cha ardhi nyuma ya maabara. Yeye, ambaye hakuwaamini wezi wa mahindi mabichi wala mbuzi wa majirani, akapanda mbegu hizohizo pia katika bustani ya nyumba aliyokuwa akiishi huko Kitisuru. Ilikuwa nyumba ndogo ya wageni nyuma ya jumba la watu waliokuwa wakiishi ng'ambo, naye alikodishiwa ili pasiwe mahame. Nilidhani ni wasiwasi wa bure. Mahindi yalipofika magotini, wanafunzi waligoma. Yalirushwa mawe, askari wakaja na moshi wa kutoa machozi, na siku ya pili tukaambiwa chuo kimefungwa na kila mtu aondoke. Wenzangu walibeba magodoro yao vichwani wakaenda kwao. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepanga nje, nilibaki Nairobi, na geti la chuo likafungwa kwa mnyororo na mahindi yetu yakiwa ndani. Baadaye tulisikia ng'ombe waliingia wakayamaliza. Daktari alipopata habari hiyo alisema tu, "Basi tunahamia Kitisuru."

Nilikwenda huko kila asubuhi. Njia ilipita kati ya kuta ndefu na nyua za michongoma zilizokatwa sawasawa, na miti mikubwa iliyodondosha maji ya umande ingawa mvua haikunyesha. Nyumba zenyewe hazikuonekana. Nilichosikia ni mbwa tu, mmoja akimpokezana mwenzake, mpaka nikafika kwenye geti letu. Nyumba ya Daktari ilikuwa na vyumba viwili. Vitabu vilipangwa sakafuni kuzunguka kuta, na mezani palikuwa na kiti kimoja. Siku yangu ya kwanza alinipa kiti hicho, naye akanywa chai akiwa amesimama, ameegemea dirisha. Kesho yake nilikuta kiti cha chuma kimetolewa bustanini, kimepanguswa kutu na kuwekwa upande wa pili wa meza. Tulikula nduma za kuchemsha, mayai, mkate mkavu. Aliyeyatumikia mahindi maisha yake yote hakupenda ugali, na alisema hivyo kwa sauti ya chini kana kwamba mimea ingemsikia.

Mahindi mengi katika bustani ile yalikuwa ya kawaida ukiyatazama kwa mbali. Lakini katika safu moja, iliyotokana na punje zilizokuwa zambarau tupu, yaani zile ambazo kile kipande kilikwisha kuondoka kabla hata punje haijaanza, uliota mche mmoja tofauti. Majani yake yalikuwa meupe, yenye mistari myembamba ya kijani. Nilidhani ni ugonjwa, nikataka kuung'oa usiambukize mingine. Daktari alinishika mkono kwa nguvu. Akapiga magoti katika tope na sketi yake nzuri. Akaangalia jani moja, akaangalia la pili, akakaa vile muda mrefu.

"Jeni ya ukijani imevunjwa," akasema. "Na hii mistari, unaiona? Ni mahali inaporudi. Ni hadithi ileile ya madoa, Mwende, ila sasa iko kwenye jani." Akapangusa tope kwenye shina. "Nadhani kimetoka kwenye punje, kimekuja kukaa hapa."

Tangu siku hiyo bustani nzima ilikuwa ya mche mmoja. Ulikuwa dhaifu, maana mmea usio na kijani cha kutosha haujilishi vizuri. Wenzake walimpita kimo, wakamfunika na kivuli, tukawapunguza majani ili apate jua. Ili tuwe na ushahidi ilibidi uzae, tena uzae na nafsi yake. Mahindi yana dume na jike katika mmea mmoja. Kileleni kuna ua linalotoa chavua, na ubavuni kuna hindi changa linalotoa nywele zake kuisubiri. Ukiacha mambo yaende yenyewe, chavua ya shamba zima itaingia. "Upepo ni mshenga asiye na adabu," Daktari alikuwa akisema, na kwa hiyo tulivalisha kila ua na kila hindi changa mfuko wa karatasi, tukafunga kwa uangalifu, kisha tukachavusha kwa mkono, mmea baada ya mmea, asubuhi jua likishakausha umande.

Siku nyingi alitoka baada ya chai, akaniambia ana shughuli mjini, nami nikabaki peke yangu mpaka alasiri. Sijawahi kukaa katika upweke kama ule. Jamhuri nilikuwa peke yangu katikati ya sauti za watu. Kitisuru hapakuwa hata na sauti. Kima walitoka bondeni kwenye msitu, wakakaa juu ya ukuta wamenikodolea macho, nami nikagonga sufuria mpaka mkono ukachoka. Wakiondoka, nilitamani warudi. Nilijisikia nikisema kwa sauti, "Haya, wewe umelala vizuri?" kumbe nauambia mmea. Wenzangu walipocheka mkahawani kwamba Daktari aliongea peke yake shambani, nilijua alikuwa akiongea na nini. Mwezi wa Julai ukaingia na baridi yake, mawingu yakashuka mpaka kwenye miti, jua halikuonekana, na mche wetu ukakawia.

Siku moja alirudi mapema. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha mikono kwenye bomba, na dirisha la chumba kilichokuwa na simu lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema, "Hapana, daktari. Nimekuelewa. Nipe tu mpaka mahindi yakauke." Akasikiliza. "Najua hayanisubiri. Mimi ndiye ninayeyasubiri." Akasikiliza tena. "Hapana, hakuna mtu. Kuna msichana, lakini hajui, na sitaki ajue." Nilifunga bomba, na ukimya wa maji ndio uliomwambia nilikuwa pale. Alipotoka tulisimama tukitazamana, mikono yangu ikidondosha maji.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia, Daktari."

"Basi usianze kunipikia uji. Sitaki uji." Akapita akaenda kwenye mche, akaufungua mfuko, akachungulia, akaufunga tena. "Nywele bado," akasema. Ugonjwa wake hakuwahi kuutaja kwa jina mbele yangu, nami sikumlazimisha. Nilisikia tu baadaye sana, kutoka kwa dada yake, Wairimu, kwamba ulikuwa tumboni na uligunduliwa ukiwa umechelewa.

Walimlaza katika hospitali moja upande wa Hurlingham, na wiki hiyohiyo ua la mche wetu likafunguka. Chavua ilianza kumwagika ndani ya mfuko, ya manjano, laini kama unga wa dengu, lakini lile hindi changa ubavuni lilikuwa bado limejifunga, halikutoa unywele hata mmoja. Chavua haikai. Ikipita, imepita, na mmea mwingine kama ule hatukuwa nao. Nilikwenda hospitalini nikiwa na tope kwenye viatu. Alilala karibu na dirisha katika chumba cha watu wengi, amejifunika blanketi la kijani mpaka kidevuni, mkono mmoja nje wenye mpira wa dawa. Sikumsalimu hata vizuri.

"Ua limefunguka na nywele hazijatoka."

Macho yake yakawa ya mwalimu tena. "Maganda ya hindi changa unayaona?"

"Nayaona."

"Chukua wembe safi. Kata ncha ya juu, kidogo tu, usifike ndani. Funika. Kesho zitakuwa zimesimama kama brashi." Akapumzika. "Mkono wako usitetemeke."

"Je, nikikata sana?"

"Hutakata sana," akasema, akageukia ukuta kwa maumivu.

Nilikata siku hiyohiyo, nimeshika pumzi. Asubuhi iliyofuata nilifungua mfuko, na nywele zilikuwa pale, fupi, nyeupe, zimesimama wima kama alivyosema. Ua la juu lilikuwa karibu kumalizika. Nililiinamisha ndani ya mfuko, nikaligonga kwa kidole, nikagonga tena, na chini ya karatasi ikabaki chavua ya kutosha kupaka ukucha. Niliimwaga yote juu ya nywele zile, nikafunga, nikaandika tarehe juu ya mfuko, kisha nikaketi katikati ya safu nikiwa sina la kufanya wala wa kumwambia. Hata kima hawakuja siku hiyo.

Hindi lilikomaa. Lilikuwa dogo kama kidole cha mtu mzima, na punje zake zilikaa zimeachana kama meno ya mzee. Nililikausha juani, nikalifunga kwenye leso, nikampelekea. Wakati huo alikuwa amehamishiwa chumba cha peke yake, na muuguzi aliponiona nikifungua leso akasema, "Dada, hapa hatukubali mahindi ya kuchoma." Daktari alicheka, kicheko kilichomuumiza, akashika ubavu wake, akazidi kucheka. Muuguzi naye akacheka bila kujua kwa nini, akatuacha. Nililiweka lile hindi mkononi mwake. Alipitisha kidole gumba juu ya punje, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto.

"Sasa tunajua kilikwenda wapi," akasema.

"Bado, Daktari. Lazima tuzipande tuone majani."

"Wewe utajua. Mimi hili linanitosha." Nje, katika barabara ya Argwings Kodhek, magari yalipiga honi bila kukoma. "Nilikosea kukuita Kitisuru," akasema. "Si mahali pa msichana wa umri wako."

"Nilipapenda."

"Najua. Ndiyo sababu nasema nilikosea."

Alinirudishia hindi, akaniambia nilihifadhi mahali pakavu, mbali na panya. Nilipofika mlangoni akaniita. Nikageuka. Alikuwa akinitazama kana kwamba angependa kuniuliza jambo, lakini akasema, "Umekula?" Nikasema nimekula. Haikuwa kweli, na nadhani aliona.

Tulimzika katika shamba la kwao, ng'ambo ya mji wa Kikuyu, siku ya jua kali. Kutoka chuoni walikuja wawili, wakaondoka kabla ya chakula. Waliojaa ni ndugu na wanawake wa kanisa, na kila aliyesimama alisema alikuwa mkimya, alikuwa mcha Mungu, alisaidia kusomesha watoto wa ndugu zake. Hakuna aliyesema alifanya kazi gani. Wairimu, dada yake, alipita kati ya viti akanitafuta, akainama sikioni mwangu. "Wewe ndiye msichana wa mahindi? Njoo useme kitu. Sisi hatukuwahi kuelewa, na yeye hakuwa mtu wa kueleza." Nilisimama mbele ya jeneza. Nikawaambia kwamba wanadamu waliamini urithi wa kiumbe umepangwa kama shanga kwenye uzi, kila moja na mahali pake, na kwamba Daktari Nyokabi alikuwa miongoni mwa watu wachache waliofuatilia shanga zinazohama. Nikawaeleza madoa, na mche mweupe wenye mistari. Nilikuwa na hakika nimewachosha. Kisha shangazi mmoja mzee, amejitanda shuka mabegani, akauliza kwa sauti, kama tuko nyumbani kwake, "Na alikipata, hicho alichokuwa anatafuta?"

"Alikipata, cucu," nikasema, kwa neno lao la kumwita bibi.

"Basi Mungu asifiwe," akasema yule shangazi, na wanawake wakaitikia, na mchungaji akaendelea na ibada.

Chuo kilifunguliwa mvua za vuli zilipokaribia. Nilipewa msimamizi mwingine, mtu mwenye shughuli nyingi, ambaye aliniambia nimwonyeshe kazi nikishamaliza. Nilizipanda zile punje katika trei ndani ya nyumba ya kioo, nikazimwagilia kwa kikombe. Zilichipua zote isipokuwa chache, na asubuhi moja niliingia nikaziona: baadhi kijani tupu, lakini nyingine nyeupe, na juu ya weupe ule ile mistari, myembamba, isiyofanana mche kwa mche. Niligeuka kumwita mtu. Mlango ulikuwa wazi na nje palikuwa na nyasi tu. Nikageukia trei tena. Katika maisha yangu nimepata furaha kubwa kuliko ile, lakini sijapata nyingine iliyokosa mahali pa kuiweka kama ile.

Siku hizi vijana wanaosomea mambo haya husema kwa wepesi kwamba sehemu kubwa ya urithi wa hindi ni vipande vya namna hiyo, vinavyohama au vilivyowahi kuhama. Kwao ni jambo la kitabuni, la mtihani. Mimi baadaye nilifanya kazi ya kukagua mbegu mpaka nikastaafu, kazi nzuri, yenye watu wengi, na sikurudi tena kwenye madoa. Ila kazi ya mwaka ule niliimaliza. Nilizungusha vizazi viwili zaidi katika nyumba ya kioo, nikaonyesha kwamba mistari ile hutokea pale tu kile kipande kilipo, nikaandika, nikaitwa kujitetea mbele ya wazee wanne waliovaa tai. Waliuliza maswali ya haki. Wa mwisho akavua miwani na kuuliza, "Na mkulima wa Makueni, atafaidika na nini hapa?" Nikasema, "Sijui bado." Walitazamana. Nikatolewa nje, nikaitwa tena, nikaambiwa nimepita, wakanipa mikono.

Nilitoka nikashuka mjini. Sikutaka kurudi Jamhuri, kwenye zile mbao. Niliingia hoteli moja ndogo ya River Road, zile ambazo huna meza yako, unakaa panapopatikana, nikaagiza pilau. Mama mmoja akaja na mzigo wa vitenge uliofungwa kwa kamba, mfanyabiashara, jasho usoni, akaniuliza, "Hapa kuna mtu?" Nikasema hakuna. Akaketi kwa kishindo, akasukuma mzigo chini ya meza, akanitazama.

"Umevaa smati. Ulikuwa harusi?"

"Nilikuwa na mtihani. Nimepita."

"Ai, hongera! Mtihani ya nini?"

"Ya mahindi."

Alicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Mahindi nayo iko na mtihani?"

"Iko."

"Basi niambie. Chakula yangu bado."

Nikamwambia. Nilianza kwa maneno mawili matatu nikidhani atachoka, lakini aliweka viwiko mezani na kusikiliza, akiuliza pale ambapo hata wale wazee hawakuuliza: kwa nini kisitulie, nani alikifukuza, kinajuaje pa kwenda. Chakula chake kililetwa, akala huku akiniangalia. Nilipofika kwenye wembe na ile ncha ya ganda, akaacha kutafuna. "Na huyo mwalimu wako," akasema, "lazima leo amefurahi sana. Ako wapi?"

"Amekufa," nikasema. Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitamka, kwa sababu kila mtu niliyemjua alikwisha kulijua au hakuuliza. Lilipotoka, machozi yakalifuata, pale pale, mbele ya pilau, katikati ya kelele za wahudumu wakiita oda.

Yule mama alihamisha kiti chake akaja upande wangu, akanikinga na watu kwa bega lake. Aliponiona nimetulia, akamwita mhudumu. "Mletee huyu supu ya moto," akasema. "Na mimi uniongezee chai. Bado tuko."